Somo la Mtoto Aliyepotezwa na Msiba, na Adabu za Mwenye Kumsaidia

 

Watu wa pwani wanajulikana kwa moyo wa kusaidia. Ikisikiwa khabari ya mafuriko au vita, sadaka hukusanywa misikitini, na vijana hujitolea kupeleka mchele na mablanketi. Jambo hili ni jema na thawabu yake ni kubwa. Lakini nia njema pasipo ilmu ni khatari. Mtu huenda kuokoa akaharibu, na wa kwanza kuharibikiwa ni mtoto mdogo, kwani hana ulimi wa kujitetea wala hajui haki yake. Kwa hiyo mwenye kwenda kusaidia ni lazima afunzwe kabla hajaondoka.

MLANGO WA KWANZA: Hukumu ya mtoto aliyeokotwa

Wanazuoni wa madhhabu ya Imam Shafii wameweka katika vitabu vya fiqhi mlango mzima wa laqiti, naye ni mtoto mdogo aliyeokotwa, asiyejulikana mlezi wake. Imam Nawawi ameutaja katika Minhaj. Kumwokota ni faradhi ya kifaya: wakimwacha wote, wote wana dhambi. Lakini si kila mtu huachiwa kumshika. Sharti awe baligh, mwenye akili, muadilifu na mwenye kuongoka katika mambo yake. Fasiki hunyang'anywa.

Tena ni wajibu, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ashuhudishe watu. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mwenye kuokota mkoba wa fedha, kushuhudisha kwake ni sunna tu. Mwenye kuokota mtoto, ni wajibu. Sababu yake ni kuwa mkoba ukifichwa hupotea mali, na mtoto akifichwa hupotea nasaba yake, na huenda akafanywa mtumwa ilhali ni muungwana.

Nguo aliyovaa mtoto na fedha iliyo pamoja naye ni mali yake, wala mwokotaji hamlishi kwayo ila kwa idhini ya kadhi akiwapo. Na aliyeokotwa mjini hapelekwi jangwani, kwa ugumu wa maisha ya huko na kwa kukhofiwa nasaba yake isipotee.

Basi misingi ni minne: uadilifu wa mwenye kumshika, mashahidi, hifadhi ya mali, na kutompeleka mahali patakapomdhuru au kumpotezea jamaa zake. Mafunzo mengi wapewayo wasaidizi leo yanafanana na mambo haya, ingawa majina yake ni mengine.

MLANGO WA PILI: Yaliyotokea Aceh na Chad

Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilipanda juu ya nchi ya Aceh, katika kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Watu wa huko ni Waislamu wa madhhabu ya Imam Shafii. Walikufa na kupotea zaidi ya watu laki moja na nusu, na mawimbi yale yale yaliikata Bahari ya Hindi yakaua watu hata Somalia. Watoto wengi walibaki hawajui wazazi wao wako wapi. Mara zikaenea khabari za watu wa mbali wanaotaka kuwachukua, na katika Januari 2005 serikali ya Indonesia ikakataza mtoto aliye chini ya miaka 16 kutolewa Aceh pasipo wazazi wake. Watoto wengi walichukuliwa na jamaa na jirani zao. Mahkama za sharia zikaamua nani awe walii na nani arithi shamba la baba, na kwa kanuni ya mwaka 2007 Baitulmali ya Aceh ikapewa kazi ya kuangalia mawalii na mali za mayatima.

Jambo jingine lilionekana huko. Katika nyumba za mayatima, watoto wengi walikuwa na mzazi aliye hai. Walipelekwa kwa ufakiri na kwa kutafuta elimu. Basi mwenye sadaka na afikiri: huenda fedha ya kumlisha mtoto kwa mama yake ikawa bora kuliko fedha ya kujenga jumba litakalomtoa kwa mama yake.

Ama Chad, katika Oktoba 2007 jamaa wa chama cha Kifaransa kiitwacho L'Arche de Zoé walikamatwa katika mji wa Abéché wakitaka kuwapakia watoto 103 katika ndege kwenda Ufaransa. Walisema ni mayatima wa vita vya Darfur. Ilipochunguzwa, wengi walikuwa watoto wa Chad, wana wazazi au walezi walio hai. Na wengine walifungwa bandeji ilhali hawana jeraha. Hakukuwa na shahidi wa haki wala idhini ya mahkama. Hii ndiyo maana ya wanazuoni kusema: mashahidi kwanza.

MLANGO WA TATU: Khiyana ya msaidizi mwenyewe

Katika mwaka 2002 ilidhihirika kuwa katika makambi ya wakimbizi ya Guinea, Liberia na Sierra Leone, baadhi ya wagawaji wa chakula waliwataka wasichana wadogo uchafu ili wapewe haki yao. Kwa ajili hiyo, katika Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa amri: mfanyakazi yeyote haruhusiwi kumwingilia aliye chini ya miaka 18, wala si udhuru kusema kuwa umri wake haukujulikana, na mwenye kushuku mwenziwe ni lazima apeleke khabari.

Hapa wengi huteleza. Husema: "Mwislamu husitiriwa." Kauli hii ni ya haki mahali pake. Lakini Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi ya Muslim, amebainisha kuwa sitara hiyo ni ya mtu wa heshima asiyejulikana kwa udhia na ufisadi. Ama mwenye ufisadi, khabari yake hupelekwa kwa mwenye amri, kwani kumsitiri humzidishia tamaa. Basi mwenye kumsitiri anayewadhuru watoto, awe mgawaji, awe mwalimu, awe imamu, hakusitiri aibu. Amewaachia mbwa mwitu zizi wazi.

MLANGO WA NNE: Anayofunzwa mwenye kwenda kusaidia

Kwanza, aulizwe khabari zake kwa wanaomjua, kama shahidi anavyotafutiwa uadilifu.

Pili, asiwe faragha na mtoto. Wawe wawili, au mahali pa wazi.

Tatu, aandike: jina la mtoto, la baba, la mama na la babu, kijiji chake, lugha yake, alama ya mwilini, nguo aliyovaa, na nani alikuwa naye mara ya mwisho. Nguo ile isitupwe, kwani huenda mama akaitambua. Karatasi hizi ni amana, hazionyeshwi kila mtu.

Nne, ndugu wasitenganishwe, na mtoto asihamishwe pasipo idhini ya wenye amri.

Tano, amsikilize mtoto kwa upole, asimlazimishe kusimulia aliyoyaona, wala asimwahidi asiloliweza.

Sita, asimkabidhi mtoto kwa kila ajaye kudai ni mjomba. Mdai aulizwe peke yake, na mtoto peke yake, kisha maneno yalinganishwe.

KHATIMA

Katika Suratul Ahzab imeamrishwa watu waitwe kwa baba zao, na katika Suratun Nisaa amekamiwa moto mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma. Mtoto aliyeokolewa maji yakampotezea jina la baba yake, ameokolewa nusu.

MASUALA
1. Kwa nini kushuhudisha ni wajibu kwa mtoto na ni sunna kwa mali?
2. Misingi minne ya laqiti ni ipi, na upi ulivunjwa Abéché?
3. Ni nani asiyestahiki kusitiriwa, na kwa nini?