Gari la kabureta likikataa kuwaka: tafuta cheche kwanza, kisha petroli

Ni saa kumi na mbili asubuhi Sachangwan. Ukungu umeshuka hadi barabarani. Pikapu ya zamani imepakiwa magunia ya viazi vya soko la Nakuru, lakini injini inazunguka tu bila kuwaka. Dereva anajaribu tena na tena hadi betri inaanza kuchoka. Majirani waliokuja kusaidia wana mashauri mawili: amimine petroli kidogo kwenye kabureta, au aliachie gari literemke liwake huko chini.

Mkazi wa eneo hili atakuwa ameyasikia mashauri hayo mara nyingi. Yote mawili yanaweza kuua. Somo hili linaeleza njia iliyo salama zaidi, na mara nyingi ndiyo ya haraka pia: kugundua kwanza injini imekosa nini.

Kwa nini huku kwetu?

Kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia kwenye injini. Magari ya siku hizi hupimiwa petroli na kompyuta, lakini Peugeot 504, Datsun 1200 na pikapu nyingi za miaka ya 1980 bado zinategemea kabureta. Zimezeeka, ila zina faida moja: mwenye gari anaweza kuugundua ugonjwa kwa masikio, macho na pua.

Nakuru mjini iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Mau Summit unapita mita 2,400, na huku shinikizo la hewa ni karibu robo tatu tu ya lile la Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa pwani haijui kwamba hewa imepungua, hivyo petroli inazidi na plagi zinashika masizi meusi. Tena baridi ya alfajiri huizuia petroli kugeuka mvuke, na ukungu hulowesha nyaya za umeme. Ndiyo maana gari lililowaka vizuri Nakuru jana jioni linaweza kukataa hapa leo asubuhi.

Kabla ya kufungua boneti

Likiwa barabarani, lisukumeni hadi pembeni kabisa. Vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu, na uweke pembetatu za tahadhari mbali vya kutosha ili lori linaloteremka liwahi kuziona. Ukiondoka, ondoa mawe hayo. Mengi yameachwa barabarani na kuwaangusha waendesha bodaboda. Hakuna sigara wala kiberiti karibu.

Hatua ya 1: Sikiliza

Washa ufunguo. Ukisikia mlio mmoja wa "tak" au kimya, na taa zinafifia, shida ni betri au nyaya zake. Angalia terminali za betri: zikiwa na unga mweupe au wa kijani, zifungue, zisugue hadi zing'ae, kisha zikaze.

Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isiwake, betri ni nzima. Umebaki na washukiwa wawili: cheche na petroli. Usiendelee kuzungusha injini ovyo. Jaribu kwa sekunde 10 tu, kisha upumzishe stata na betri kwa dakika moja.

Hatua ya 2: Tafuta cheche

Anza na umeme, kabla ya kugusa bomba lolote la petroli. Siku ya ukungu, tiba inaweza kuwa kitambaa kikavu tu: pangusa nyaya za plagi, kichwa cha koili, na kifuniko cha distributa nje na ndani.

Ikishindikana, chomoa waya wa plagi moja, uuchomeke kwenye plagi ya akiba, na ulaze plagi hiyo ikigusa chuma kitupu cha injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono, kwa kuwa umeme wa koili hurusha mtu. Mwenzako azungushe injini kidogo. Cheche ya buluu yenye nguvu ni dalili njema. Ikiwa ya manjano na hafifu, au isipoonekana kabisa, kagua kontakti zilizo ndani ya distributa. Zikiwa zimeungua au zimechafuka, zisafishe na upime nafasi kati yake. Kwa magari mengi ni karibu milimita 0.4 hadi 0.5, na kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari lako. Zikiwa safi na bado hakuna cheche, mwachie fundi apime koili na kondensa.

Hatua ya 3: Tafuta petroli

Cheche ikiwepo, zima swichi na ufungue kifuniko cha chujio la hewa. Mulika ndani ya koo la kabureta kwa tochi, huku ukivuta waya wa akseleta kwa mkono. Petroli ikiruka kama uzi mwembamba, imefika. Isiporuka, rudi nyuma hatua kwa hatua: je, tangi lina kitu, au geji inadanganya? Filta imeziba? Mpira umepasuka? Pampu inasukuma?

Ukinusa petroli kali na plagi zimelowa, injini imezidiwa. Ngoja dakika 10, sukuma choki ndani kabisa, kanyaga akseleta hadi chini bila kuipampu, kisha washa. Hewa itakausha ziada hiyo.

Kumbuka pia matumizi ya choki: ivute injini ikiwa baridi, irudishe polepole inapopata joto. Anayeisahau nje analowesha plagi na kupoteza mafuta.

Na gari likizimika lenyewe mchana baada ya kupanda mlima na mzigo? Huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba kwa sababu ya joto. Fungua boneti, ngoja nusu saa, na uweke kitambaa chenye maji kwenye bomba la petroli na pampu. Mara nyingi litawaka bila kubadilishwa chochote.

Mashauri mawili ya kukataa

La kwanza ni kumimina petroli kwenye kabureta huku injini ikizungushwa. Injini ikipiga kinyume, moto hutoka kwenye koo la kabureta na kuufuata mkono ulioshika chupa.

La pili ni kuliachia gari lililozimika literemke. Busta ya breki hupata nguvu kutoka kwa injini. Injini ikiwa imezimika, baada ya kukanyaga mara chache breki inakuwa ngumu kama jiwe, na gari lina magunia nyuma. Mteremko kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa umewashinda madereva wa malori yenye injini zinazonguruma. Usiujaribu na injini iliyokufa. Ikibidi kusukuma gari, lisukumeni mahali tambarare, nje ya barabara kuu.

Sachangwan haihitaji kufundishwa petroli ni nini. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka hapa, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto ukawaua zaidi ya watu 100. Mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini hadi ukutane na cheche. Ni petroli ileile, iwe ya tangi zima la lori au ya chupa moja ya soda.

Kata uweke ndani ya gari

1. Haizunguki: betri na terminali.
2. Inazunguka, haiwaki: pangusa unyevu, kisha tafuta cheche.
3. Cheche ipo: tazama kama petroli inafika.
4. Harufu kali: ngoja dakika 10, choki ndani, akseleta chini.
5. Limezimika kwa joto: boneti wazi, nusu saa.
6. Usimimine petroli. Usiliachie mteremkoni.
7. Moto ukizuka: ondokeni wote, kisha piga 999 au 112.

Viazi vinaweza kuchelewa soko kwa saa moja. Dereva na afike salama.