Kuandika Mawimbi ya Ubongo na Kuyatoa Katika Kompyuta

Tulipomaliza somo la umeme na sumaku, wanafunzi kadhaa wa Kidato cha Tatu walituuliza sisi wa Kidato cha Nne kama ni kweli kwamba ubongo wa mwanadamu una umeme, na kama umeme huo waweza kuandikwa. Jawabu ni kwamba ni kweli, na waandikika. Nimeona yafaa nilieleze jambo hilo katika gazeti letu la skuli, hasa ile sehemu ya mwisho ya kazi, yaani kuyatoa maandishi kutoka katika programu ili mtu mwingine aweze kuyasoma. Wengi hudhani sehemu hiyo ni kubonyeza kitufe tu. Sivyo.

Kwanza historia kwa ufupi. Mwaka 1875 daktari mmoja wa Liverpool, Richard Caton, alitangaza kwamba ameona umeme mdogo juu ya ubongo wa sungura na nyani. Mtu wa kwanza kuuandika umeme wa ubongo wa mwanadamu ni Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani, mwaka 1924, naye hakulitangaza jambo hilo mpaka mwaka 1929. Wengi hawakumsadiki. Walianza kumsadiki Adrian na Matthews wa Cambridge walipoyarudia majaribio yake mwaka 1934 na kuyaona yale yale. Maandishi hayo huitwa elektroensefalogramu, na kwa kuwa neno hilo ni refu, hospitalini husema EEG.

Umeme wenyewe ni mdogo mno. Betri ya tochi ina volti moja na nusu. Wimbi la ubongo likipimwa juu ya ngozi ya kichwa aghalabu huwa kati ya mikrovolti 10 na 100. Tukichukua mikrovolti 50, basi ni sehemu moja ya 30,000 ya ile betri. Ndiyo sababu kila kitu kilicho karibu huweza kuliharibu: kope zikipepesa, meno yakiumwa, jasho likitiririka, na hata waya wa feni uliopita ukutani.

Mawimbi hutajwa kwa wingi wa mapigo yake katika sekunde moja. Yaliyo chini ya 4 huitwa delta, ya 4 mpaka 8 theta, ya 8 mpaka 13 alfa, na yanayopita 13 beta. Delta ni ya usingizi mzito. Alfa huonekana vizuri kisogoni mtu mzima aliye macho anapofumba macho na kutulia, nayo hupotea mara anapoyafumbua. Hili ndilo jaribio la kwanza la kila mtambo: mwambie mtu afumbe macho, na kama alfa haikuja, uziangalie kwanza waya zako kabla hujamtilia shaka mtu.

Je, yatufaa nini sisi? Jawabu kubwa ni kifafa. Huku kwetu mtoto akianguka na kutetemeka, wako watu watakaosema kwanza kwamba ana shetani, na mtoto huyo hutolewa skuli, na akiwa mwanamwali watu huogopa kumposa. Bara, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960 mwanzoni, na katika watoto wale aliwaona wengine ambao kichwa chao huinama kama mwenye kusinzia. Miaka mingi baadaye, ugonjwa wa namna hiyo ulipowapata watoto wengi wa kaskazini ya Uganda, wataalamu waliwapima kwa EEG kichwa kilipokuwa kikiinama, wakaona kwamba kule kuinama ni namna ya kifafa. Pia yalifanyika mapimo katika vituo vitano vya Afrika, vikiwamo Kilifi ya Kenya, Iganga na Mayuge ya Uganda na Ifakara ya kwetu Tanzania. Wagonjwa wa kifafa 1,426 walipimwa, na 751 kati yao mawimbi yao yalionekana yana kasoro. Angalieni vizuri hesabu hiyo: karibu nusu ya wagonjwa hawakuonyesha kasoro yo yote. Basi EEG iliyo safi haimaanishi kwamba mtu hana kifafa. Daktari husikiliza pia hadithi ya aliyeuona ule muanguko.

Sasa tuje kwenye kazi. Mgonjwa aje na nywele zilizooshwa, zisizo na mafuta ya nazi, kwa sababu mafuta hayapitishi umeme. Akina mama wapatiwe chumba cha faragha na mpimaji mwanamke, kwa maana mtandio lazima uondolewe na misuko huenda ikafumuliwa. Kisha kichwa hupimwa kwa utepe kama wa fundi cherehani, kutoka mzizi wa pua mpaka kinundu cha kisogoni. Tuseme ni sentimita 36. Kituo cha kwanza huwekwa penye asilimia 10, yaani sentimita 3.6, na vinavyofuata kila asilimia 20, yaani sentimita 7.2, mpaka ibaki asilimia 10 ya mwisho. Kwa sababu hiyo mpango huu, ulioandikwa na Herbert Jasper mwaka 1958, huitwa mpango wa kumi na ishirini. Vituo vya kushoto hupewa namba witiri, vya kulia namba shufwa, na cha utosini huitwa Cz. Kila kituo hutiwa jeli na elektrodi, na ukinzani hupimwa. Wengi hutaka usipite omu 5,000.

Umeme wetu wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, nao hupiga mara 50 kwa sekunde. Umeme wa Marekani hupiga mara 60. Programu nyingi za kupimia ubongo zimetengenezwa huko, na chujio lake la umeme wa nyumba huja limewekwa kwenye 60. Asiyelibadilisha atachuja kisichokuwapo na kukiacha kilichopo. Ni bora pia kompyuta ifanye kazi kwa betri yake: mvumo hupungua, na umeme ukikatika kazi haipotei. Wazee wetu wanakumbuka jinsi kisiwa kilivyokosa umeme wa bara kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010.

Kompyuta haichori mstari kama kalamu. Huchukua vipimo, tuseme 256 kila sekunde, na kuviandika kama namba. Vipimo vikiwa vichache, wimbi hudanganya. Mfano wake uko hapa Forodhani. Maji hujaa mara mbili na kutoka mara mbili kila siku. Lakini mtu anayekwenda kuyatazama mara moja tu kwa siku, saa ile ile kila siku, ataandika katika daftari lake kwamba maji huchukua kama siku 15 kutoka kujaa mpaka kujaa tena. Daftari lake halina uongo hata mstari mmoja, na hata hivyo habari yote si kweli. Basi kanuni ni kwamba vipimo vizidi maradufu ya mapigo ya wimbi la haraka kabisa linalotafutwa.

Mtu hupimwa dakika kadhaa akiwa amefumba macho na kadhaa akiwa amefumbua. Mpimaji huandika kila linalotokea: amekohoa, amesinzia, ametikisika. Hapa kuna mtego wa Kiswahili. Sisi tukisema saa nne asubuhi, kompyuta husema 10:00. Mpimaji akiandika kwa mkono "saa 4:12 alitetemeka", daktari wa ng'ambo atatafuta 4:12 katika faili asione kitu. Ni heri kutumia saa ya kompyuta peke yake katika maandishi yote.

Kuyatoa ndiko kulikonifanya niandike makala haya. Mtoto wa jirani yetu kijijini, mwenye miaka tisa, alivushwa kwa boti kwenda kupimwa. Alirudi na karatasi nne zenye picha za mawimbi, zimechapwa vizuri. Mwezi wa pili yake akaja daktari mgeni, akazitazama, akamwambia bibi yake: "Bibi, naona hapa pana kitu, lakini picha siwezi kuipanua, wala siwezi kujua ni ubongo au ni kope." Faili lenyewe halikutolewa, nalo lilikuwa limekwisha kufutwa. Ikabidi nauli itafutwe upya, na mtoto avushwe tena. Zilipita wiki saba, na katika wiki hizo alianguka karibu na jiko la mkaa akaungua mkono.

Picha si data. Programu nyingi huweza kutoa namna tatu. Ya kwanza ni picha au ripoti, nayo yafaa kwa kutazama tu. Ya pili ni jedwali la namba, liitwalo CSV, ambalo hufunguka katika programu yo yote ya mahesabu. Ni zuri kwa mwanafunzi, ila ni kubwa, na mara nyingi halielezi vipimo vilichukuliwa mara ngapi kwa sekunde wala kama namba ni mikrovolti. Ya tatu ni EDF, iliyotangazwa mwaka 1992 na wataalamu wa Ulaya ili mitambo ya makampuni mbalimbali isomane. Mwanzoni mwa faili la EDF mna kichwa cha baiti 256, kisha baiti 256 nyingine kwa kila chaneli, zinazoeleza jina la kituo, kizio cha kipimo, na machujio yaliyotumika. Baada ya hapo ni namba tupu, baiti mbili kila moja. Kwa chaneli 19 na vipimo 256 kwa sekunde, dakika 20 ni baiti 11,673,600 bila ya kichwa. Hiyo yaingia katika simu ya mtu ye yote.

Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kuna taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa msaada wa wakfu wa NED wa Hispania. Madaktari wa kujitolea huja na kuondoka. Mgonjwa mwenye faili linalosomeka popote humfuata daktari hata akiwa amekwisha rudi kwao.

Lakini kichwa cha EDF kina nafasi ya herufi 80 kwa ajili ya habari za mgonjwa, na mtu akilifungua faili kwa programu ya kawaida ya maandishi atalisoma jina humo waziwazi. Katika kisiwa ambacho watu hujuana mtaa kwa mtaa, jambo hilo laweza kumvunjia binti posa. Basi jina libadilishwe kuwa namba kabla faili halijatoka, na daftari la kuoanisha namba na majina lifungiwe kabatini.

Wengine watauliza habari za nyurofidibaki, ambapo mtu huonyeshwa mawimbi yake mwenyewe ili ajifunze kuyabadilisha. Barry Sterman wa California aliyajaribu hayo kwa paka miaka ya 1960, na mwaka 1972 akatangaza habari za mgonjwa wa kifafa. Mimi naona ni elimu ya kuvutia, lakini si badala ya dawa, na sipendi zile ramani za kichwa zenye rangi nyekundu zinazotolewa na programu hizo. Nyekundu maana yake ni kuhitilafiana na watu waliopimwa kwanza kuwa mfano, na yafaa kuuliza watu hao walikuwa wa wapi na wa umri gani.

Kabla ya kufuta cho chote, faili lililotolewa lifunguliwe katika kompyuta nyingine kwa programu nyingine. EDFbrowser hupatikana bure. Zihesabiwe chaneli, zitazamwe dakika za mwanzo na za mwisho, na ionekane kama alfa huja macho yanapofumbwa.

Kwa wenzangu wa Kidato cha Tatu, hesabu ni hii: chaneli 21, vipimo 500 kwa sekunde, dakika 30. Faili la EDF litakuwa na baiti ngapi, pamoja na kichwa chake? Jawabu nitalibandika nje ya maabara ya fizikia Jumatatu ya wiki ya pili.