Mdai ni nani? Somo juu ya madai ya ardhi katika Pangi



Vita vya 1998 hadi 2003 viliwatawanya watu wengi wa Maniema. Katika Pangi, wengi walikimbilia porini au Kindu. Waliporudi, wengine walikuta jirani, ndugu au mgeni analima pale walipolima wao. Magomvi ya namna hii hayaishi upesi: aliyekimbia akiwa mtoto leo ni mzazi, naye anatafuta mahali pa kulima. Katika somo hili tutajifunza maana ya kuwa mdai, na jinsi ya kudai bila kuvunja amani.

Mfano wa kufundishia

Mama mmoja mjane, wa kijiji kilicho karibu na mto Elila, alikimbia pamoja na watoto wanne. Mume wake alifia porini. Miaka mingi baadaye mama anarudi. Michikichi ambayo mume wake alipanda inavunwa na mtu mwingine. Mdogo wa marehemu alimpa shamba lile kwa mbuzi watatu. Mama anasema: "Shamba ni langu." Yule mtu anajibu: "Nililipa." Je, mdai ni nani hapa?

1. Kudai si kugombana

Mdai ni mtu anayesimama mbele ya mwenye kuamua na kusema: "Nina haki hii, kwa sababu hii, juu ya mtu huyu, na ninaomba itambuliwe." Anayenung'unika nyumbani bado hajadai. Anayekwenda usiku kukata michikichi ameacha kuwa mdai, amekuwa mkosaji, hata kama haki ilikuwa yake. Tena, mdai bado si mshindi. Yeye ndiye anayepaswa kuonyesha ukweli wa maneno yake, na mwenzake lazima asikilizwe.

2. Unadai haki gani?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu cha 53, iliweka kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake. Watu hupata haki ya kuutumia. Mwenye karatasi ya mwisho ya kadasta, yaani cheti cha kuandikishwa, ana ushahidi wa nguvu sana. Lakini vijijini wengi hawana cheti. Wanaishi kwa desturi. Je, hawana haki? Wanayo. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi.

Kwa hiyo, maneno "shamba ni langu" hayatoshi. Eleza: unadai urithi? Mpaka? Haki ya kulima? Mavuno? Au malipo ya mali iliyoharibiwa? Kila dai lina njia yake.

3. Wanawake na watoto pia ni wadai

Kwa sheria ya familia ya 1987, watoto wa marehemu ndio warithi wa kundi la kwanza, nao wanapata robo tatu za urithi. Sheria haiwatengi wasichana. Mjane yumo katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu, na ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi. Zamani mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume ili kufungua mashtaka. Sheria ya Julai 2016 iliondoa sharti hilo.

4. Ushahidi wa kijijini

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari si karatasi tu. Miti iliyopandwa, makaburi, msingi wa nyumba ya zamani, kijito cha mpaka na majirani waliolima kando yenu ni ushahidi. Tembeeni mpakani pamoja, pande zote mbili, na mashahidi wakiwepo. Mkipatana, andikeni: majina, mipaka, tarehe, sahihi au alama ya kidole. Kila upande ubaki na nakala.

5. Wapi kupeleka dai?

Anza kwa jamaa, kisha kapita na wazee barazani. Wakishindwa, sheria ya Aprili 2013 inaipa tribinali ya amani kazi ya kuamua mambo ya urithi na magomvi ya ardhi inayofuata desturi.

Kijiji kizima nacho chaweza kuwa mdai. Watu wa Kalima wanajua tangu miaka ya 1930 jinsi machimbo yanavyohitaji ardhi kubwa. Sheria ya 1973 iliagiza kwamba kabla ya kutoa ardhi ya kijijini kwa mwombaji, ufanyike uchunguzi: kuona mipaka, kuandika watu wanaokaa pale na vitu vilivyopo, na kusikiliza wenye madai, hata kwa mdomo tu. Siku hiyo msinyamaze. Dai linalotolewa mapema ni rahisi kulisikiliza kuliko lile linalokuja baada ya cheti kutoka.

6. Turudi kwa mama yetu

Katika mfano wetu, wadai ni wawili. Mama anadai kwa ajili ya watoto: wao ni warithi, na baba yao mdogo hakuweza kulitoa shamba lote peke yake. Yule mtu naye ana dai, lakini juu ya huyo mdogo wa marehemu aliyepokea mbuzi wake. Kama amepanda michikichi mipya, jasho lake pia lihesabiwe. Tukiyatenganisha madai haya, kila mtu anasimama mbele ya yule anayehusika naye. Tukiyachanganya, mjane na mnunuzi watapigana, na aliyekula mbuzi atakaa pembeni akitazama.

Maswali ya kujadili katika kikundi

– Katika kijiji chetu, ni nani asiyethubutu kudai? Kwa nini?
– Ni wazee gani wanaojua mipaka ya zamani, na ni nani anayeandika maneno yao?
– Kama ungekuwa yule mnunuzi, ungependa kusikilizwa namna gani?