Liposomu zinazofunguka kwa joto: wazo zuri, ushahidi mchanga

Kwa nini dawa ya saratani ifungiwe ndani ya liposomu?

Liposomu ni kifuko kidogo mno, kuta zake ni mafuta ya aina ileile inayojenga utando wa seli zetu. Mwingereza Alec Bangham alivieleza vifuko hivi miaka ya 1960. Doksorubisini huua seli za saratani, lakini huumiza pia moyo, ndiyo maana jumla ya dozi ambayo mtu anaweza kupewa maishani ina kikomo. Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa wenye UKIMWI waliougua saratani ya Kaposi, iliifungia dawa hiyo ndani ya liposomu na kuupunguzia moyo madhara. Tatizo ni kwamba kifuko imara kiasi hicho hakina haraka ya kuiachia dawa hata kikishafika kwenye uvimbe.

Ndipo likaja wazo la kifuko kinachofunguka kwa amri?

Naam. Vipo vinavyoitikia asidi, vimeng'enya, mwanga au joto. Kwa maoni yangu joto ndilo lenye hoja nzito zaidi. Asidi ya uvimbe huizidi ile ya damu kwa kiasi kidogo tu, tena hutofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine ya uvimbe uleule. Joto, kinyume chake, huwekwa na daktari, mahali na wakati anaotaka. ThermoDox, liposomu ya aina hii iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, hufunguka kwa sekunde chache nyuzi joto zikifika takriban 40, dawa ikamwagika ikiwa bado ndani ya mishipa ya uvimbe.

Mbona basi majaribio yake makubwa yalishindwa?

Pingamizi hili ni zito, na si haki kulikwepa. Jaribio la HEAT lilikuwa na wagonjwa 701 wa saratani ya ini, ambao uvimbe wao uliunguzwa kwa mawimbi ya redio. Mwaka 2013 ikabainika kwamba dawa haikuchelewesha kurudi kwa ugonjwa. Watafiti walirudi kwenye takwimu wakaona waliounguzwa kwa dakika 45 au zaidi kama wamenufaika, wakaanzisha jaribio la OPTIMA, lenye wagonjwa 556. Nalo likafeli mwaka 2020. Faida inayookotwa baada ya matokeo kujulikana ni dhana tu, na ilipopimwa haikusimama.

Hata hivyo, kilichopimwa hapo ni dawa ikiwa pamoja na kuunguza, njia inayoua kitovu cha uvimbe na kuacha joto la wastani pembezoni, ambako halitabiriki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walianza na swali dogo zaidi: je, dawa inafika? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 10 wenye uvimbe wa ini walipashwa joto kwa mawimbi ya sauti bila kupasuliwa, na vipande vya uvimbe vikapimwa. Kwa wastani dawa iliongezeka mara 3.7.

Je, hilo latosha?

Halitoshi. Dawa kufika si mgonjwa kuishi zaidi, na watu 10 ni wachache. Lakini huo ndio mpangilio uliopaswa kutangulia: kupima dawa ndani ya uvimbe kwanza, kisha kuwaita mamia. Kwa sasa ThermoDox haijaidhinishwa, na mgonjwa anayeahidiwa tiba ya namna hii aombe kwanza kuonyeshwa usajili wa jaribio lenyewe.