Si Kila Ajuaye Ni Msomi

Matanga ya Trans Nzoia, nchini Kenya, hayakosi wasifu wa marehemu. Iwe ni Endebess, Kitale au hata kwa majirani zetu wa Bungoma, karatasi husomwa mbele ya waombolezaji, na mara nyingi marehemu huwa msomi, mjuzi, bingwa, mtaalamu na mwenye hekima, yote katika sentensi moja. Waliomfahamu hutazamana. Barua za kumpendekeza mtu kazini na utambulisho wa mgeni wa heshima huwa na kasoro hiyohiyo. Mwandishi husahau kwamba kila sifa ya namna hii ni dai, na dai hudaiwa ushahidi. Kabla hujaandika, pitia hatua hizi.

1. Uliza amejuaje

Aliyepata elimu darasani na vitabuni ni msomi. Aliyejifunza kwa kutenda mpaka mkono ukazoea ana ujuzi. Aliyefundishwa na miaka ana uzoefu, au tajriba ukipenda neno la kiandishi.

Watafiti wa Kitale walichanganya mbegu ya mahindi ya hapa na nyingine kutoka Ecuador, na mwaka 1964 wakulima wakapata H611, mbegu chotara ya kwanza ya mahindi nchini. Hao ni wataalamu: wamebobea katika tawi moja la elimu na wanaweza kueleza kwa nini mbegu hii huzaa kuliko ile. Mkulima wa Endebess anayepanda mahindi ya H614, na anayejua ni pembe gani ya shamba hutuama maji mvua ya Aprili ikizidi, ana uzoefu. Askari wa wanyamapori anayesoma nyayo za ndovu waingiao pango la Kitum, katika Mlima Elgon, kukwangua chumvi kwa pembe zao, ana ujuzi. Hakuna aliye chini ya mwenzake, ila ukiwapa wote jina moja umewaibia wote.

2. Pima kwa "lakini"

Chukua maneno mawili unayoyashuku kuwa sawa, uyaweke pande mbili za "lakini". "Ana elimu lakini hana hekima." Sentensi inasimama, na sote tunamjua mtu wa aina hiyo. "Ana ujuzi lakini hana vyeti." Inasimama pia, ndivyo walivyo mafundi wengi wa jua kali. Sasa sema: "Ni bingwa wa useremala lakini hana ujuzi wa useremala." Hiyo inajipinga yenyewe. Ubingwa umekwisha beba ujuzi ndani yake, basi ukishaandika "bingwa", futa "mjuzi".

Kipimo hiki hakihitaji kamusi, na hufupisha wasifu kwa nusu.

3. Tazama kina, upana na daraja

"Mtaalamu" ni neno la kina, kwa hiyo litajie fani: wa udongo, wa magonjwa ya ng'ombe, wa lugha. Bila fani halimwambii msomaji lolote. "Mwanazuoni" ni neno la upana na la miaka mingi vitabuni. Hasa Pwani, hukaa karibu na elimu ya dini, pamoja na maulamaa. Mtafiti wa mbolea hatalifurahia sana. "Mahiri" husifu namna kazi inavyofanywa: mtu ni mahiri wa kuhutubia hata kama anachohutubia si kipya.

"Umilisi", neno ambalo mtaala mpya umelileta katika shule za Kenya, ni uwezo wa kukitumia ulichojifunza. Mwanafunzi anayekariri sehemu za mmea hajauonyesha mpaka aoteshe mche ukashika. "Gwiji" na "nguli" ni vyeo ambavyo mtu hupewa na wenziwe wa fani hiyo. Usimpe aliyehitimu juzi.

4. Hekima iache mwisho

Ndilo neno linalotolewa bure zaidi. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwaendea wazee vijijini akawahoji, na katika kitabu chake cha 1990 akawagawa katika makundi mawili: wanaoyajua barabara yale ambayo jamii yao husema, na wanaoyapima, hata kuyapinga. Mgawanyo huo ni msaada mkubwa kwa mwandishi. Miongoni mwa Wabukusu, msemaji wa kumuse, anayesimama baada ya maziko ya mzee mwenye heshima, husimulia historia ya ukoo na kuwaonya walio hai. Akisimulia tu, msifu kwa maarifa yake ya mila. Akizipima mila hizo kwa hali ya leo na kutoa uamuzi, hapo umefika kwenye hekima.

Kama unachokumbuka ni kwamba mtu alijua la kusema na wakati wa kunyamaza, "busara" inatosha.

5. Jihadhari na maneno yenye mwiba

"Mjuzi" ni sifa, "mjuaji" ni tusi. "Ujuvi" ni utovu wa adabu. "Msomi" mtaani huweza kuwa kejeli kwa mwenye vyeti asiyejua kazi. Ukimwita mtu "fundi" mjini Kitale, wasikilizaji watafikiria mwashi, mshonaji au mtengeneza magari. Pwani na Tanzania neno hilo linaweza kumsifu bingwa wa sanaa yoyote.

6. Tangulia na tendo

Tuseme rasimu yako inasema: "Marehemu alikuwa msomi, mjuzi, mtaalamu na mwenye hekima." Iandike upya hivi: "Marehemu aliacha shule darasa la saba. Alijifunza kuzalisha ng'ombe kwa kufuatana na daktari wa mifugo, na wafugaji kutoka Suam hadi Kwanza walimwita usiku ndama alipokwama. Majirani walipogombania mpaka, alisikiliza pande zote mbili, akaomba siku ya kufikiri, ndipo akaamua. Na mipaka aliyoiweka ingalipo."

Aya hiyo inakuruhusu sifa mbili tu, mjuzi na mwenye hekima, na kila moja ina ushahidi wake. "Msomi" na "mtaalamu" yafute.