VITUNGUU VYA MAKÓ: KILIMO NACHO NI ELIMU

Hebu fungua atlasi kwenye ramani ya Hungaria. Kusini mashariki, karibu na mpaka wa Romania, utauona mji uitwao Makó, kando ya mto Maros. Mji wenyewe ni mdogo. Wakazi wake hawafiki 25,000. Uko katika uwanda mpana usio na mlima wa kutajika. Basi umejulikana kwa nini? Kwa vitunguu!

Kitunguu ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hujiwekea akiba ya chakula. Mwaka wa pili hutoa maua na mbegu. Wakulima wa Makó waliielewa tabia hiyo, wakabuni njia yao:

1. Mwaka wa kwanza mbegu hupandwa zikiwa zimesongamana, ili vitunguu vibaki vidogo vidogo.

2. Vitunguu hivyo huvunwa, hukaushwa, kisha wakati wa baridi huwekwa mahali penye joto. Kwani joto la nini? Kitunguu kidogo kikipigwa na baridi hujiandaa kutoa maua badala ya kunenepa. Joto huzuia jambo hilo.

3. Baridi ikiisha, hupandwa tena kimoja kimoja. Sasa hukua vikawa vikubwa, vikali na vikavu, vya kukaa ghalani miezi mingi.

Kazi hii haikuwa ya matajiri. Zamani familia nyingi zililima vishamba vidogo kwa mikono. Ferenc Erdei, aliyezaliwa Makó mwaka 1910, alitoka katika familia ya wakulima hao, akawa msomi aliyeandika juu ya maisha ya watu wa uwanda huo. Leo jina la kitunguu cha Makó linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya.

Mambo haya yananigusa. Mama yangu huuza vitunguu sokoni. Vikioza au kuchipua kabla ya kununuliwa, pesa zangu za chakula cha mchana ndizo huyeyuka. Halafu nawasikia wenzangu wakisema ati jembe ni la aliyeshindwa na masomo! Mbona basi wakulima wa Makó walihitaji kujua siri za mmea, joto na majira? Hiyo si biolojia tunayofundishwa darasani? Anayelidharau jembe na ajibu kwanza zoezi hili.

ZOEZI
(a) Kwa nini mbegu husongamanishwa mwaka wa kwanza?
(b) Joto lina kazi gani?