KOMPYUTA INAPOLALA: UMEME, PROSESA NA PROGRAMU HURIA

Shule isiyofikiwa na umeme wa gridi aghalabu huambiwa kwamba darasa la kompyuta si lake. Katika makala haya tutaonyesha kwa hesabu nyepesi kuwa kauli hiyo haina nguvu tena; kisha tutaeleza sababu moja isiyotajwa mara nyingi, nayo imo katika programu.

Tuchukue kompyuta 10 za mezani za zamani. Tuseme kila moja, pamoja na kioo chake, hutumia wati 100. Zikifanya kazi kwa saa 3 zitakula wati-saa 3,000. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na asidi haifai kumalizwa kupita nusu. Kwa hiyo inatupa 600 tu. Zitahitajika betri 5. Sasa tuweke mahali pake kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, zilizoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, zenye kutumia wati 5 hivi, na kioo kidogo cha wati 15. Jumla ni wati-saa 600, yaani betri 1, tukiacha upotevu wa njiani. Msomaji makini ataona kwamba kioo kinakula mara tatu ya kompyuta yenyewe. Anayetaka kubana matumizi na aanze hapo.

Prosesa ya kompyuta hizo ni ya ukoo wa ARM, ulioanzia katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge. Sophie Wilson na Steve Furber walitaka chipu rahisi iwezayo kufungwa katika plastiki, nayo plastiki haivumilii joto jingi. Chipu ya kwanza ilipojaribiwa Aprili 1985, amita ilisoma sifuri ilhali chipu inafanya kazi! Ikabainika kuwa umeme wake mkuu haukuwa umeunganishwa. Ilikuwa ikijiendesha kwa umeme mdogo uliovuja kupitia nyaya za ishara.

Nguvu ya umeme inayotumiwa na transista zinapobadili hali hufuata kanuni hii:

P = CV²f

Hapa C ni uwezo wa saketi wa kuhifadhi chaji, V ni volteji, na f ni idadi ya mapigo ya saa ya prosesa kwa sekunde. Tuseme f imepunguzwa nusu, na V ikashushwa kutoka 1.2 hadi 0.9. Robo tatu ikizidishwa kwa yenyewe ni 0.56, nusu yake ni 0.28. Matumizi yameshuka hadi chini ya theluthi moja. Prosesa ikilala kabisa, f huwa sifuri, na kinachobaki ni uvujaji tu.

Lakini ni nani anayeilaza? Ni mfumo endeshi. Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, hapo awali uliiamsha prosesa mara 100 kila sekunde, na baadaye katika kompyuta nyingi hadi mara 1,000, kuuliza tu kama kuna kazi. Ni sawa na mlinzi anayegonga mlango usiku kucha akiuliza kama umelala. Toleo la 2.6.21 la Aprili 2007 lilileta utaratibu mpya: kama hakuna kazi, saa hiyo haipigi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba programu nyingine nazo zilikuwa zikiiamsha mashine bila sababu. Mwaka huo huo kampuni ya Intel ilitoa PowerTOP, programu inayotaja mwamshaji na idadi ya mara anazoamsha. Kwa kuwa maandishi ya programu hizo yalikuwa wazi kwa kila mtu, waliyoyasoma waliweza kuyarekebisha wenyewe bila kungoja hisani ya mwenye kampuni. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo faida kubwa ya programu huria kwa shule, kuliko hata kupatikana bure.

Zoezi. Katika kompyuta yenye Linux, andika amri cat /proc/interrupts. Tafuta mstari wenye neno timer na hesabu kubwa, uinakili, ngoja sekunde 10, kisha uirudie amri. Tofauti ya hesabu hizo, ukiigawanya kwa 10, ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Fanya hivyo mashine ikiwa imetulia, halafu ukiwa umefungua programu moja moja, na uzipange kuanzia ile inayoamsha mara chache zaidi.